Wati Elfu Kumi za Mama Magdalena

Mume wangu Buberwa ana masikio mawili, na yote mawili ni ya kitaalamu. Mtoto akilia chumba cha pili, hayamsikii. Lakini spika ya jirani ikilegea waya, nyumba ya tatu kutoka kwetu hapa Kibeta, atainua kichwa kwenye sahani ya ndizi na kusema kwa uchungu, "Unasikia hiyo tweta ya sauti za juu inavyoteseka?"

Kaka yake, Philbert, anayeuza vipuri vya pikipiki mjini, naye ni mtaalamu. Wametofautiana kidogo tu, kama dini mbili zinavyotofautiana. Buberwa anaamini amplifaya moja na spika mbili ndefu za mbao, basi, na anayeongeza kitu hapo ni wa yule mwovu. Philbert anaamini home theatre: sabufa kubwa kama kabati la vyombo, na vispika vitano vidogo vya kutundika kila pembe, ili risasi za kwenye sinema zikupite sikioni ukiwa umekaa na chai yako. Sote ni Walutheri wa usharika mmoja, tunashiriki meza moja. Kwenye jambo la spika, ndugu hawa hawajawahi kusali pamoja.

Mimi sikuwa na dini hapo. Nilikuwa na Alinda mgongoni, na nilikuwa na ombi la baba mkwe.

Mama mkwe wangu, Mama Magdalena, alifariki mwaka jana kabla ya mvua za vuli. Aliimba kwaya tangu usichana wake hadi mwisho, na kwenye tamasha la mwisho alilowahi kwenda mtu mmoja wa kwaya aliwarekodi wimbo mmoja. Beti la pili la wimbo ule Mama analiimba peke yake. Tulipewa kwenye flashi. Mume wake, Mzee Byabato, anayeishi kijijini huko Muleba, karibu na Rubya, alijaribu kuusikiliza kwenye simu. Simu ikamtolea sauti ya nyigu aliyefungiwa ndani ya kopo.

Mzee Byabato akiwa na neno zito hanikabili. Mimi ni mke wa mwanawe, kuna heshima zake. Kwa hiyo neno hulipitisha kwa mjukuu. Tulipomtembelea alimpakata Alinda na kumwambia, macho yakiwa kwenye migomba:

"Alinda, mwambie mama yako hivi. Uso wa bibi yako ninao, upo ukutani. Sauti yake imeanza kunitoka. Juzi nilikaa shambani nikaitafuta, nikaikosa. Nikipata chombo kizuri, nikamsikia vizuri hata mara moja, nitaishika tena. Nikichelewa, naona itakuwa imekwenda."

Alinda, ambaye ana meno manne na hana siri, akamjibu kwa kumvuta ndevu.

Neno hilo nilimfikishia Buberwa zima kama lilivyo. Yeye akalipokea kama wanaume wa nyumba hii wanavyopokea maneno: akachukua kipande alichokitaka. Alisikia "chombo kizuri". Akampigia simu Philbert palepale, naye akasikia "kizuri" peke yake. Ibada ya kumbukumbu ya mwaka mmoja ilikuwa inakaribia, Jumamosi, na ndugu wote wangekuwepo. Ikaamuliwa kwamba siku hiyo baba atakuwa ameshapata chombo. Kipi, hapo ndipo vita ilipoanzia.

Basi tukaenda mjini dukani kwa Muhidini. Muhidini ni mtu mkarimu, mwenye kofia safi na ulimi safi zaidi, na duka lake ukipita barabarani unalijua kwa miguu kabla hujalijua kwa macho.

"Karibuni wakubwa! Leo mmekuja na mama, maana yake leo mnanunua."

"Tunalinganisha," alisema Buberwa.

"Linganisheni, kulinganisha ni ibada. Hii hapa, shika boksi usome mwenyewe. Wati elfu kumi."

Philbert alisoma, akaliinamia boksi kama mtu aliyeonyeshwa picha ya mchumba. Mimi nikazunguka nyuma ya chombo chenyewe. Nimesoma masomo ya jioni, na fizikia nimeisoma na mwalimu aliyekuwa akipiga miayo na mtoto aliyekuwa akinipiga mateke tumboni, lakini niliisoma. Nyuma, karibu na waya, palikuwa na kibandiko kidogo chenye aibu, kinachosema kwamba chombo kinakula wati sitini.

"Samahani," nikauliza, "kinakula sitini, kinatoa elfu kumi. Nyingine kinazitoa wapi?"

"Mama, hayo ni mambo ya kiwanda."

"Nauliza tu. Tangu ile mikate mitano na samaki wawili sijasikia ongezeko kama hili."

Muhidini akacheka hadi kofia ikasogea. "Bwana Buberwa, mkeo huyu usimlete tena." Kisha akaifungulia sabufa. Aliweka wimbo usio na maneno, wenye kishindo tu kama mtu anashusha magunia ya kahawa juu ya bati. Philbert akaweka kiganja kifuani. Huko dukani ndivyo muziki unavyopimwa, kama homa.

"Unaisikia?"

"Naisikia kwenye figo," alisema Philbert, machozi yakimlenga.

"Hiyo ukiifungulia, jirani anahama!"

"Baba yao hana jirani wa karibu," nikasema. "Ana migomba."

"Basi migomba itazaa mapema."

Buberwa alikuwa amekunja uso, maana kishindo kile kwake ni ushamba. Akaomba amplifaya iunganishwe kwenye zile spika ndefu za mbao. Akafumba macho. Akatikisa kichwa taratibu. Akasema maneno mazito: kwamba sauti ya kati imejaa, kwamba ya juu haichomi, kwamba besi ya hapa imetulia kama mtu mzima, si kama ile ya kule inayorukaruka kama mwanafunzi wa bweni aliyepata likizo.

"Kaka," alisema Philbert, "hizo spika zako ni za kusikilizia taarifa ya habari."

"Na yako ni ya kutwangia mihogo."

Nikatoa flashi mfukoni. "Tujaribu na hii. Kwaya ya Mama."

Wote watatu wakanitazama kwa huruma.

"Mama Alinda," alisema mume wangu kwa upole, "huwezi kupima spika kwa kwaya."

"Kwani Baba atasikiliza nini?"

"Kwaya."

"Sasa?"

"Atasikiliza kwaya. Lakini kupima ni kupima."

Sikubishana, maana Alinda alikuwa ameziba masikio kwa kubana uso mgongoni mwangu. Wakaendelea kupima. Mwishowe walifikia uamuzi wa hekima, ule ambao ndugu wawili wakaidi hufikia sikuzote: kila mmoja akanunua chake. Baba ndiye atakayechagua, walisema. Walisema kama watu wawili ambao kila mmoja anajua Baba atachagua nini.

Ijumaa tukasafiri kwenda Muleba na pikapu ya Philbert. Sabufa ilikaa kiti cha mbele na kufungwa mkanda. Spika ndefu zililazwa nyuma juu ya godoro, zikafunikwa blanketi la Alinda ili zisipate vumbi. Mimi na Alinda tulibanwa pale palipobaki. Philbert akawa anauliza kila penye shimo, "Mko salama huko?" na Buberwa akawa anajibu, "Salama, hazijagusana."

Sasa niseme kuhusu sebule ya Mzee. Wanawe wamemjengea, na wamemjengea kwa upendo, hilo siwanyimi. Sakafu ni vigae. Ukuta nao ni vigae hadi usawa wa bega, vyeupe, vinavyong'aa, kiasi kwamba mgeni akiingia anatafuta daktari yuko wapi. Madirisha makubwa ya vioo. Kwa ajili ya kumbukumbu makochi yalikuwa yametolewa nje ili watu wapate nafasi, kikabaki kiti kimoja cha Mzee. Ukikohoa mle ndani, unajibiwa.

Mchana huohuo walianza kufunga vyombo. Sabufa ikawekwa kwenye kona, maana Philbert alisoma mahali kwamba kona inaongeza besi. Buberwa, ili asizidiwe, akasukuma spika zake kwenye kona nyingine mbili. Mzee Byabato akaitwa. Alikuwa amevaa koti. Hakuna aliyemwambia avae koti. Alikaa kwenye kiti chake, akaweka mikono magotini kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

Philbert akaanza, kwa kuwa ni mkubwa. Kwaya ikatoka. Nadhani ilikuwa kwaya. Sauti za wanaume zilifika kwanza, zikagonga vigae, zikarudi zikiwa na marafiki. Vioo vikatetemeka. Upepo uliopiga maikrofoni siku ile ya tamasha, ambao hakuna aliyeukumbuka, sabufa ikautoa kama ngurumo ya ziwani. Likafika beti la pili. Sauti ya mwanamke ikapanda, ikagonga ukuta huu, ukuta ule, dari, ikamshukia Mzee kutoka pande zote.

"Huyo ni mama yenu?" Mzee aliuliza.

"Ndiye, Baba!"

"Mbona wako wengi?"

Buberwa akatabasamu kwa furaha ya Kikristo. "Baba, ngoja sasa usikilize sauti halisi." Akaunganisha amplifaya yake, akafungulia. Ngurumo ilipungua kidogo. Lakini Mama Magdalena alikuwa bado umati. Neno moja la wimbo lilikuwa halijamaliza kuondoka wakati jingine limeshaingia, yakawa yanagongana mlangoni kama watu wanaotoka msibani mvua ikiwa imeanza. Buberwa akaongeza sauti. Umati ukaongezeka. Alinda akaanza kulia, na kilio chake nacho kikawa cha watoto saba.

"Ni kebo," alisema Philbert.

"Ni rekodi," alisema Buberwa.

"Kebo zako nyembamba. Nilikuambia."

"Wewe uliyenunua sherehe ndani ya boksi ndiye unaniambia kebo?"

"Tukirudi mjini leo, Muhidini atatubadilishia kubwa zaidi."

Mzee akasimama. Akanisogelea, akamchukua Alinda aliyekuwa bado analia, akamfuta machozi kwa pindo la koti.

"Mjukuu," akamwambia, "waambie baba zako wasihangaike tena. Bibi yako alikuwa mmoja. Hawa wengine siwajui."

Akatoka naye hadi chini ya migomba. Nilimwona kupitia dirishani. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Alikuwa anasogeza midomo, anaanza kitu, anaacha. Anaanza tena. Anaacha. Alikuwa anatafuta, na hapati, na sasa tulikuwa tumemjazia na sauti nyingine zisizokuwa za Mama.

Ndugu hao wawili wakashinda hadi jioni wakipimana waya.

Jumamosi asubuhi akaingia Shangazi Agnetha, dada yake Mzee. Shangazi Agnetha haingii kwenye nyumba, anaikagua. Alisimama kizingitini, akaangalia vigae, akaguna.

"Waitu! Ndiyo mnataka kumkumbukia Magdalena hapa? Kwenye bafu?"

"Shangazi, ni sebule," alisema Philbert.

"Na obunyasi iko wapi?"

"Shangazi, siku hizi vigae…"

"Nimeuliza nyasi ziko wapi. Mwanamke wa Kihaya aliyezikwa kwa heshima, watu wanakuja kumkumbuka siku yake, mnawakalisha juu ya sahani? Mke wetu, njoo."

Mke wetu ndiye mimi. Nje, wanawake wa kijiji walikuwa wameshafika na matita ya nyasi mbichi vichwani. Tukayaingiza. Tukaanza kutandaza kutoka ukuta wa ndani kuja mlangoni, kama nyumba zote za zamani za huku zinavyotandazwa mgeni akija, nene, zilizolala upande mmoja, hadi mguu unazama. Harufu ikabadilika. Buberwa akaja mbio.

"Jamani, vumbi! Vumbi litaingia kwenye spika!"

"Zitoe basi," alisema Shangazi Agnetha. "Au nizitandike na zenyewe."

Buberwa akazikumbatia na kuzitoa kwenye kona, akaziweka karibu na kiti cha Mzee, pale ambapo nyasi zilikuwa hazijafika, akakimbilia nje kutafuta kitambaa. Philbert akaburuta sabufa yake hadi veranda na kuifunika kwa mwili wake.

Sisi tukaendelea. Shangazi hakuridhika na sakafu. Vigae vya ukutani vilimkera pia, akaagiza mikeka, ikaegemezwa kuzunguka chumba chote, ya wazee kuegemea. Nilipomaliza upande wangu nikageuka kumtafuta Alinda, aliyekuwa anatambaa ndani ya nyasi kama mbuzi wa sikukuu.

"Alinda!" nikaita.

Nikasimama palepale. Sauti yangu ilitoka, ikafika kwa mtoto, ikakaa. Haikurudi.

Nikaita tena, kwa nguvu. Alinda aligeuka, akanicheka. Ilikuwa sauti moja. Nikapiga makofi. Kofi likawa kofi.

"Mke wetu, umepata wazimu?" aliuliza Shangazi.

"Shangazi, naomba kila mtu atoke kidogo. Na naomba uniitie Baba."

"Hatujamaliza pale mlangoni."

"Pametosha, Shangazi. Tafadhali."

Alinitazama usoni. Sijui aliona nini, lakini akawatoa wanawake wote kama kuku.

Nikachomeka amplifaya ya Buberwa. Sikuichagua kwa utaalamu. Ndiyo iliyokuwa karibu na soketi. Spika mbili nikaziinua juu ya viti vidogo zilingane na masikio ya mtu aliyekaa, nikazielekeza kwenye kiti cha Mzee, mbali na ukuta. Kitufe cha besi nikakirudisha nyuma mpaka mwisho. Cha sauti nikakiacha chini, pale ambapo mtu anazungumza na mtu mwingine kuhusu jambo la nyumbani.

Mzee akaingia. Leo koti hakulivaa. Aliangalia nyasi, akavua viatu mlangoni, akaja akakaa bila kuamini. Mimi nikapiga magoti pembeni, Alinda mapajani, nikabonyeza.

Kwaya ikaimba beti la kwanza, na ilikuwa kwaya, watu wamesimama kwa mistari. Kisha wakanyamaza. Kabla ya beti la pili ikasikika pumzi. Mtu alivuta pumzi katikati ya zile spika mbili, mahali ambapo hapakuwa na kitu, kama vile amesimama kwenye nyasi mbele yetu na gauni lake la kwaya. Halafu akaimba.

Mzee akainamisha kichwa. Nikaogopa. Kisha mabega yakaanza kutikisika, nikaogopa zaidi, hadi aliponyanyua uso nikaona anacheka.

"Amewahi," akasema. Aliniambia mimi, moja kwa moja, hakupitia kwa mtoto. "Umesikia? Kinanda hakijafika, yeye ameshaanza. Amewahi tena! Mwalimu wa kwaya alimsema maisha yake yote. Hata siku ya harusi yetu mchungaji hajamaliza kuuliza, yeye ameshajibu ndiyo."

"Nimesikia, Baba."

"Rudisha."

Nikarudisha. Mama akavuta pumzi, akawahi. Mzee akapiga goti kwa kiganja pale Mama alipopaswa kuanza, akachekea ndevu.

Mlango ukajaa watu. Buberwa alikuwa amesimama na kitambaa mkononi, mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza tangu nimwoe, nasema hivyo hivyo maana mimi ndiye niliyemfuata, hakuwa na la kitaalamu la kusema. Machozi yalikuwa yanamtoka. Ilimchukua beti zima kupona.

"Unaona sasa, Kaka?" akamwambia Philbert, akipenga kamasi. "Hiyo ni amplifaya."

"Yangu haijajaribiwa kwenye nyasi," alisema Philbert, naye akipenga. "Tuwe wakweli, haijajaribiwa."

Ikabidi ijaribiwe. Bila haki hakuna amani katika ukoo. Sabufa ikaingia kwa heshima zote, vile vispika vitano vikatawanywa, na kweli, nyasi zikaisaidia nayo ikaonekana chombo cha watu. Ila Mama Magdalena aliimbia nyuma ya shingo ya Mzee, kisha karibu na dirisha, na kishindo cha sabufa kikawa kinamkanyaga kila akishuka sauti ya chini.

"Ya sinema hiyo," alisema Mzee kwa upole. "Mwanangu Philbert, nenda nayo, wanao wataangalia sinema. Hii ya mbao mniachie. Na nyasi zikikauka, Agnetha ataleta nyingine."

"Nitaleta?" alisema Shangazi Agnetha kutoka jikoni. "Naona nimeajiriwa."

"Baba, tusikie tena?" aliuliza Buberwa, kidole kikiwa tayari.

"Zima. Msimchoshe. Ninaye."

Wageni walikuwa wameanza kuonekana njiani, wanawake mbele na vitenge vyao vya kwaya. Mzee akamnyanyua Alinda kutoka kwenye nyasi, akamweka begani, akatoka kuwapokea. Alikuwa anaimba lile beti, kwa sauti nyembamba isiyofanana na ya mzee yeyote, mtoto akimtazama mdomo kwa makini. Wanawake wakalitambua kwa mbali, wakaanza kumwitikia mpaka lilipofika mwisho, wakanyamaza ili aanze upya. Akaanza kabla hawajavuta pumzi.

"Kaka, subiri basi!" alipiga kelele Shangazi Agnetha dirishani. "Subiri wenzako!"

"Hapana," alisema Mzee, bila kugeuka. "Ndivyo linavyoimbwa."